Tumbo Linakataa Maziwa, Yogati Je?

Mtu amekatazwa maziwa na daktari. Wiki ya pili anaonekana na kopo la yogati mkononi, na nyumbani wanaanza kumsema: si maziwa hayo hayo? Yeye anasema yogati haimdhuru. Shangazi anaeleza kwamba maziwa yakishaganda ile sukari yake huisha. Jirani anakataa, anasema ni baridi ya friji inayotuliza tumbo. Mwingine anamshauri ahamie maziwa ya ngamia, eti hayana neno.

Katika baraza hilo, aliye sawa ni mgonjwa mwenyewe, ingawa hajui kwa nini. Yogati ni maziwa, na sukari inayomsumbua bado imo ndani yake, tena si haba. Wengi ambao maziwa huwaendesha huila salama kwa sababu nyingine: yogati huingia tumboni pamoja na viumbe hai wanaofanya kazi ambayo utumbo wa mlaji umeshaipunguza. Ukilishika hilo, maswali ya lassi, ya biriani, ya maziwa lala na ya kopo lipi linunuliwe hayatakupa shida.

Majina kwanza

Laktosi ni sukari ya maziwa. Imo katika maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia na ya mama anayenyonyesha. Laktesi, jina lililotofautiana nayo kwa herufi moja tu, si sukari. Ni kimeng'enya, yaani protini ambayo ukuta wa utumbo mwembamba huitengeneza ili kuivunja laktosi. Chukua shanga mbili zilizotungwa pamoja, moja ikiwa glukosi na ya pili galaktosi. Utumbo hufyonza shanga moja moja. Zikiwa mbili zimeungana hazipiti. Laktesi ndiyo mkasi wa kukata uzi.

Mkasi ukiwa hautoshi, laktosi isiyokatwa husonga mpaka utumbo mpana, na huko hufanya mambo mawili. Huvuta maji, kama chumvi inavyolitoa maji embe bichi lililokatwakatwa, na choo kikalainika. Kisha hukutana na bakteria wanaoishi huko kwa mabilioni, nao huichachusha na kutoa gesi: haidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani. Tumbo linajaa, linanguruma, linasokota, na mtu anaendesha. Mara nyingi huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa, na ndiyo maana anayekunywa chai saa moja asubuhi hushikwa akiwa ndani ya matatu.

Hiyo ndiyo hali ya kutovumilia laktosi. Mzio wa maziwa ni kitu kingine kabisa. Kwenye mzio, kinga ya mwili inapigana na protini ya maziwa, wala sukari haihusiki. Vipele, mwasho, midomo kuvimba, kutapika au kifua kubana vinaweza kuja hata kwa kijiko kimoja. Protini hizo zimo kwenye yogati vile vile, kwa hiyo mwenye mzio asiiguse, na ushauri wote unaofuata haumhusu.

Hesabu ya Likoni

Watu huuliza, "Mimi ninavumilia au sivumilii?" kana kwamba jibu ni ndiyo au la. Jibu ni kiasi. Kivuko cha Likoni, Mombasa, kikiwa na feri tano kazini, umati wa asubuhi huvuka bila kelele. Zikibaki mbili, kivuko hakijafungwa. Linaloamua kama kutakuwa na msongamano ni watu wangapi wamefika kwa wakati mmoja. Wakija kumi kumi kutwa nzima, feri mbili zinatosha. Wakimiminika elfu kwa mkupuo, watu wanakanyagana kwenye mteremko.

Utumbo wa mtu mzima asiyevumilia laktosi, kwa kawaida, ni kivuko chenye feri mbili. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia tafiti zilizokuwapo, ikaona kwamba wengi wa watu hawa hustahimili takriban gramu 12 za laktosi kwa mara moja bila dalili, au kwa dalili ndogo. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 katika kila mililita 100, kwa hiyo gramu 12 ni kama kikombe kimoja cha robo lita. Wako wanaosumbuka kwa nusu yake, na wako wanaofika mara mbili yake wakiwa wamekula vizuri.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kikombe cha chai iliyopikwa nusu maji nusu maziwa kina gramu 6 hivi, na kikiandamana na mahamri hupita kimya. Mtu anahitimisha kwamba maziwa hayamdhuru. Mwezi wa Ramadhani anafungua kwa tende tatu na bilauri kubwa ya maziwa baridi, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri. Hizo ni gramu 15 au 20, tena zinashuka utumboni kwa kasi kwa sababu hakuna chakula cha kuzizuia. Kabla tarawehe hazijaisha anatafuta mlango. Lawama zinakwenda kwa tende, kwa sambusa, kwa pilipili. Maziwa hayo hayo angeyanywa nusu bilauri baada ya kula, pengine asingesikia kitu.

Feri zimekwenda wapi?

Mtoto huzaliwa na feri zote, isipokuwa wachache mno wenye kasoro ya nadra ya kurithi. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, karibu gramu 7 kwa mililita 100, na kichanga huyamudu. Kwa hiyo bibi anayesema mtoto aachishwe ziwa kwa kuwa "ukoo huu hatuwezani na maziwa" anamnyima mjukuu haki yake bure.

Baada ya kuachishwa, mwili hupunguza laktesi kidogo kidogo, kama ilivyo kwa wanyama wengine wanaonyonyesha. Si ugonjwa. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Walio tofauti ni wale ambao laktesi yao haipungui, wengi wao wazao wa wafugaji. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa makabila ya Kenya, Tanzania na Sudan, ukaonyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao wenyewe la jeni, mbali na lile la watu wa Ulaya ya kaskazini. Bara Arabu nako kuna badiliko jingine. Mji kama Mombasa, ambako damu ya Mmijikenda, ya Hadhramaut, ya Msomali, ya Mhindi na ya mtu wa bara zinakutana katika harusi moja, usitegemee kanuni ya kabila. Ndani ya nyumba moja, kaka anakunywa nusu lita na dada kikombe kimoja kinamlaza.

Ziko pia feri zinazoharibika kwa muda. Ugonjwa mkali wa kuhara au vijidudu kama giardia hukwaruza ukuta wa utumbo na mkasi ukapungua. Ukuta hujitengeneza, aghalabu ndani ya wiki kadhaa. Kuna watu walioacha maziwa mwaka waliougua na hawajajaribu tena mpaka leo, na pengine tumbo lilishapona zamani.

Yogati inafanya nini hasa

Yogati halisi ni kazi ya bakteria wawili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Nayaandika majina hayo jinsi yalivyo kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye kopo. Hupenda joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Wakiwekwa ndani ya maziwa huila laktosi na kuigeuza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoleta uchachu na kugandisha protini. Lakini hawaimalizi. Asidi inapozidi inawalemea wenyewe na kazi inadorora. Mara nyingi iliyoondoka ni robo ya laktosi, au theluthi ikienda mbali, hivyo gramu 5 zimekuwa 3 na nusu au 4. Kuganda kwa maziwa hakukumaliza sukari, kama shangazi alivyodhani.

Msaada mkubwa huja baada ya kumeza. Bakteria hawa wana mkasi wao, umefungiwa ndani ya miili yao, unaokata uzi ule ule unaokatwa na laktesi. Yogati hupoza makali ya asidi ya tumbo, kwa hiyo wengi huvuka tumbo na mkasi ukiwa mzima. Wakifika utumbo mwembamba wanakutana na nyongo, ambayo hutoboatoboa kuta zao. Mkasi unatoka, na unaanza kukata laktosi pale pale inapotakiwa kukatwa. Ni abiria waliofika Likoni na mashua zao wenyewe. Juu ya hayo, yogati ni nzito, haishuki mbio kama maziwa, na feri zako mbili zinapata nafasi ya kwenda na kurudi.

Mwaka 1984 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio ambamo watu wasio na laktesi ya kutosha walipewa gramu 18 za laktosi, siku moja katika maziwa, siku nyingine katika yogati. Kilichopimwa ni haidrojeni katika pumzi zao, maana gesi hiyo hutoka pale laktosi inapofika utumbo mpana bila kukatwa. Kwa yogati ilikuwa takriban theluthi moja ya ile ya maziwa. Sukari ni ile ile, kiasi ni kile kile; tofauti ni mashua.

Kutokana na hapo sharti liko wazi: bakteria wawe hai. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda, ili ikae miezi dukani bila friji, ina bakteria waliokufa na mkasi uliounguzwa. Uzito na uchachu umebaki, mashua hakuna. Wataalamu wale wa Ulaya, walipokubali dai kwamba yogati husaidia kumeng'enya laktosi, waliweka sharti la bakteria hai wasiopungua milioni 100 katika kila gramu.

Mtindi, mala, yogati: si kitu kimoja

Pwani tunajichanganya hapa kwa sababu neno mtindi tunalitumia kwa vyote. Maziwa lala, au mala kwa kifupi, jina lake lasema njia yake: yamelazwa usiku kucha. Bakteria wa mala ya kiwandani ni wa jamii nyingine, wanaopenda joto la chumba, nyuzi 20 na kitu. Nao huila laktosi, ila wengi wao huivunja kwa namna yao: kwanza huitia alama wanapoiingiza ndani ya mwili, na mkasi wao hukata ile yenye alama tu. Mkasi huo ukimwagika ndani ya utumbo wa mtu hauna kazi, maana laktosi iliyoko huko haina alama.

Kwa hiyo mala inakupa punguzo la laktosi na uzito kiasi, basi. Wapo wanaoivumilia vizuri, na kama wewe ni mmoja wao endelea. Lakini aliyeshindwa na mala asiseme "nimejaribu yogati ikanishinda". Hajaijaribu. Na maziwa ya kibuyu yana mchanganyiko wa bakteria unaotofautiana nyumba kwa nyumba, hivyo kilichompata mtu kwao si lazima kikupate kwenu.

Ya mezani

Biriani huwatisha watu bure. Yogati iliyochanganywa na nyama ikiingia jikoni bakteria wanakufa na mkasi unaharibika, ni kweli, na laktosi haiondoki kwa moto. Lakini piga hesabu: nusu kilo ya yogati ina gramu 20 hivi; sufuria ikilisha watu kumi, kila sahani ina gramu 2. Biriani ikikusumbua, tazama mafuta na vitunguu vya kukaanga kwanza.

Lassi ndiyo ya kuangaliwa. Ikipigwa kwa yogati robo kilo na maji, bilauri ya nusu lita ina gramu 10 hivi pamoja na bakteria wake. Muuzaji akitumia maziwa badala ya maji, unaongeza gramu 12 nyingine, na mashua ni zile zile. Muulize kabla hajawasha blenda.

Unga wa maziwa ni mtego mkubwa zaidi. Gramu 100 za unga wa maziwa yenye mafuta zina laktosi karibu gramu 38, na ule uliotolewa mafuta hufika 50. Vijiko viwili vikubwa vilivyokorogwa kwenye chai ili "ipate rangi" vinaweza kuongeza gramu 5 au zaidi kwenye kikombe. Samli, kwa upande mwingine, karibu haina laktosi kabisa, siagi ina kidogo mno, na jibini ngumu iliyokaa miezi haina ya kuhesabika. Tui la nazi halina hata chembe. Linafanana na maziwa kwa rangi tu, na mbaazi za nazi hazihusiki na kesi hii.

Maziwa ya ngamia na ya mbuzi? Laktosi yake iko karibu sana na ya ng'ombe, gramu 4 na kitu kwa mililita 100. Kuchemsha hakuitoi, iliki na tangawizi hazifichi kitu, na kukamuliwa leo asubuhi hakupunguzi. Yale maziwa ya pakiti yanayouzwa kuwa hayana laktosi yametiwa laktesi kiwandani, shanga zimeshatenganishwa. Ndiyo maana ni matamu zaidi ingawa hayakuongezwa sukari. Na wale wazee wanaokataza samaki na maziwa katika mlo mmoja, kwa suala hili tu, wanazuia kitu chenye manufaa: yogati pembeni ya wali na samaki hushuka polepole kuliko yogati peke yake.

Kopo lipi

Anza na mahali lilipo dukani. Kopo lililopangwa rafu moja na biskuti, bila friji, liache. Kisha soma viungo. Orodha nzuri ni fupi: maziwa na bakteria. Ukiona unga wa maziwa, laktosi imepandishwa tena kwenye bidhaa iliyotarajiwa kuwa nayo kidogo. Wanga au jelatini haziongezi laktosi. Zimewekwa ili yogati nyepesi ionekane nzito.

Mstari wa sukari kwenye lebo huwatia watu hofu kwa sababu hujumlisha laktosi na sukari iliyoongezwa. Yogati isiyotiwa kitu huonyesha kama gramu 4 au 5 kwa kila gramu 100. Ya stroberi ikionyesha 12 au 13, ile ziada karibu yote ni sukari ya mezani. Hiyo haina shida kwa laktesi, ina shida kwa mwenye kisukari. Na kuna yogati zinazojaza gesi kwa njia nyingine: zenye inulini, nyuzinyuzi ambazo bakteria wa utumbo mpana huzichachusha, na zenye utamu wa sorbitoli. Hata embe na asali kwa wingi huwajaza gesi watu fulani. Ndiyo maana jaribio la kwanza lifanywe kwa yogati tupu.

Tazama na tarehe. Bakteria hupungua kadiri kopo linavyokaa, hivyo chukua lililotengenezwa karibuni. Joto la mji huu halisamehe friji inayozimwa usiku ili kuokoa stima: kifuniko kilichofura au harufu ya pombe ni ishara ya hamira pori. Homa na kutapika baada ya kopo la namna hiyo ni sumu ya chakula, laktosi isisingiziwe.

Kuitengeneza nyumbani

Faida ya kutengeneza mwenyewe ni kwamba unajua bakteria ni hai na unaamua uchachu. Lita moja ya maziwa, hata ya ATM ya mtaani, ile mashine ya kuuzia maziwa, yachemshe kisha yaweke kwenye moto mdogo dakika 10 hadi 15 ukikoroga. Hatua hii haiui vijidudu tu. Hubadilisha protini za maziwa ili zishikane vizuri na yogati iwe nzito bila unga.

Yapoe hadi nyuzi 43 au 45. Bila kipimajoto, tia kidole safi: uweze kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, lakini uhisi moto. Ukiweka sufuria kwenye beseni la maji hufika upesi. Chukua vijiko viwili vikubwa vya yogati hai isiyo na sukari, vikoroge kwanza na maziwa kidogo ndani ya kikombe, ndipo uvimimine. Funika, tia kwenye hotipoti au chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, uiviringe leso nzito, usiiguse.

Watu wa Mombasa hudhani joto la hapa linatosha peke yake. Halitoshi. Nyuzi 30 za kaskazi ni pungufu kwa bakteria hawa, sembuse usiku wa Julai wakati wa kusi. Bila hotipoti itaganda kwa kuchelewa sana, au itaingiliwa na bakteria wengine. Ndani ya hotipoti huganda kwa saa 5 hadi 6. Mwenye tumbo jepesi aiache kwa muda wa saa 8 hadi 10, ichachuke zaidi na laktosi ipungue zaidi. Wako wanaoiacha saa 24 wakiamini laktosi huisha yote. Hupungua, lakini asidi imeshawafunga bakteria mikono muda mrefu kabla ya hapo.

Isipoganda, sababu ni chache. Maziwa yalikuwa moto mno na yakaua mbegu, yaani ile yogati hai uliyoitia. Zaidi ya nyuzi 50 ni hatari. Au kopo ulilochukulia mbegu lilikuwa na bakteria wafu. Au maziwa yalitoka kwa ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki na yakauzwa kabla dawa haijaisha mwilini. Dawa hiyo huwaua bakteria wa yogati kama inavyowaua wa ugonjwa. Ukibadilisha muuzaji na mbegu ile ile ikaganda, umeshajua. Ikitoa maji juu, imekaa mno au imetikiswa, na inalika. Ikiwa na mapovu, mwaga. Ihifadhi kwenye friji, uimalize ndani ya wiki, na baada ya mizunguko minne au mitano nunua mbegu mpya, kwa sababu bakteria mmoja humzidi mwenzake na ladha hubadilika.

Namna ya kuanza kula

Siku tatu za kwanza, vijiko vitatu vikubwa baada ya chakula cha mchana. Hizo ni kama gramu 2 za laktosi. Tumbo likitulia, panda hadi nusu kikombe kwa siku tatu nyingine, gramu 5 hivi, kisha kikombe kizima. Dalili zikija, shuka ngazi moja, ukae hapo wiki nzima kabla ya kupanda tena. Usianze siku umekula maharagwe, maana hutajua nani alaumiwe. Kula kidogo kila siku ni bora kuliko nyingi Ijumaa kwa Ijumaa: bakteria wa utumbo mpana nao huzoea, na baada ya wiki chache wanaotoa gesi kidogo huongezeka.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba ni laktosi kweli. Wengi walioambiwa wana vidonda vya tumbo hawajawahi kuacha maziwa hata siku kumi ili waone. Yaache kabisa kwa wiki mbili, pamoja na chai ya maziwa, kunywa sturungi, yaani chai isiyo na maziwa. Kisha siku moja usiyokuwa na safari, kunywa vikombe viwili vya maziwa, usubiri. Hospitali kubwa hutumia kipimo cha pumzi cha haidrojeni. Lakini damu kwenye choo, kukonda, homa, au kuharisha kunakokuamsha usiku si mambo ya laktosi, na yogati isikucheleweshe kwenda kwa daktari. Na anayeacha maziwa moja kwa moja atafute kalsiamu kwingine: dagaa wanaoliwa na miba yao, simsim, sukuma wiki.

Yale maji ya chini ya kitambaa

Limebaki swali la yogati nzito ya kuchuja, ile inayosifiwa kwamba haina laktosi. Laktosi huyeyuka ndani ya maji. Ukichuja yogati kwa kitambaa cha tui kwa saa tatu ndani ya friji, maji yanatoka na laktosi yake, na maji yaliyobaki kwenye kitambaa yanabaki na ya kwao. Kwa hiyo kijiko cha yogati iliyochujwa kina laktosi pungufu kidogo tu kuliko kijiko cha kawaida. Nafuu yake ni kwamba lita imekuwa nusu lita na inashibisha, hivyo unakula kidogo.

Maji yale ya manjano yenye ukijani yaliyobaki kwenye bakuli, kama nusu lita, yana gramu 20 hivi za laktosi. Usiyanywe kwa kusikia kwamba yana protini. Yakandie chapati badala ya maji ya bomba: kilo ya unga ikitoa chapati kumi na tano, kila moja imebeba gramu moja na kidogo, na zinatoka laini.